Bomba Halipiti Gitega, Lakini Maji Yetu Yanalifikia

Mlioko Musinzira, Nyamugari na Magarama hapa Gitega, mlioko Muyinga mjini, na nyinyi madereva mliopaki Kobero mkisubiri karatasi zigongwe muhuri, vuteni viti. Tuna dakika zetu chache za mazungumzo.

Leo nataka tuongee juu ya bomba la mafuta. Najua nikitaja mafuta tu kuna mtu anaguna. Ananiambia, wewe bwana, sisi bidoni zetu zimepanga foleni kituoni tangu alfajiri, kijana wa moto kalala juu ya pikipiki yake, na wewe unatuletea habari za bomba la Uganda? Nakuelewa, ndugu yangu. Esansi yetu nyingi inapakiwa kwenye malori Dar es Salaam, inapita Kabanga, inavuka mpaka Kobero, na wiki ambayo malori hayaonekani sote tunajua kinachofuata. Nauli ya Bujumbura inapanda, na nyanya sokoni zinaifuata. Kwa hiyo Mrundi akisikia majirani wanajenga bomba la mafuta, si ajabu akiona wivu kidogo.

Ila bomba ninalolizungumzia halileti esansi. Ni bomba la mafuta ghafi, yanatolewa ardhini Uganda na kupelekwa baharini Tanga yakauzwe nje. Hakuna bidoni ya Gitega itakayojazwa kutoka humo. Basi kwa nini nawasumbua nalo? Kwa sababu kuna jambo ndani yake linalotuhusu sana, na nitalirudia mara kadhaa ili hata aliyechelewa kufungua redio alipate. Jambo lenyewe ni hili: wajibu wa kutunza mazingira huamuliwa siku ile mstari unapochorwa kwenye ramani. Ukishachorwa na kutiwa saini, kazi iliyobaki ni ya kupunguza maumivu na kulipana fidia.

Tulijue kwanza bomba lenyewe. Wengi mmelisikia kwa jina la EACOP, Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki. Linaanzia Kabaale, Hoima, magharibi mwa Uganda, upande wa Ziwa Albert ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2006. Linaishia Chongoleani, rasi ndogo karibu na mji wa Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na sehemu kubwa mno, kilomita 1,147, iko ndani ya Tanzania. Mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies ya Ufaransa, asilimia 62. Mashirika ya mafuta ya serikali za Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Hesabu za hisa ziishie hapo.

Kuna kitu kimoja cha ajabu kwenye mafuta ya Ziwa Albert. Yana nta nyingi. Wale mnaoleta mawese kutoka Rumonge kuja huku juu mnajua: kule ziwani yanamiminika vizuri, ukiyafikisha Gitega mwezi wa saba, asubuhi unakuta yameganda kwenye chupa, mpaka uyaweke karibu na jiko. Mafuta haya ya Uganda yana tabia hiyohiyo. Yakipoa hayaendi. Kwa hiyo bomba zima, kilomita zote hizo, lazima lipashwe moto kwa umeme, mafuta yabaki kwenye nyuzijoto 50 hivi mpaka yafike Tanga. Vipande vya bomba vilipelekwa kwanza kwenye kiwanda cha Sojo, wilaya ya Nzega mkoani Tabora, vikavishwa koti la povu la kuhifadhi joto, ndipo vikaenda kufukiwa. Wenyewe wanasema ni bomba refu kuliko yote duniani la aina hiyo ya kupashwa joto. Sifa hiyo ina upande wake wa pili: ukipitisha chini ya mashamba na mabonde ya watu kitu chenye joto ambacho hakijawahi kujengwa kwa urefu huo, unatakiwa uwe umefikiri kuliko aliyekutangulia.

Sasa, liko wapi na sisi tuko wapi? Muyinga inapakana na Ngara ya Tanzania, si ndiyo? Mtu wa Giteranyi anajua njia. Ngara inapakana na Biharamulo. Na Biharamulo bomba linapita. Katika mkoa wa Kagera linapita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, halafu linaingia Geita na kuendelea. Kwa mguu ni mbali, kwa ujirani si mbali.

Halafu kuna maji. Mvua inayonyesha hapa Gitega inaishia Ruvyironza na Ruvubu. Ruvyironza inaingia Ruvubu karibu na mji wetu huu. Ruvubu inapita kwenye hifadhi yake, inaacha nchi yetu upande wa Muyinga, inaingia Ngara, inakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kagera inapanda kaskazini, inageuka kuelekea mashariki, na kabla ya kumwagika Ziwa Victoria inapita Missenyi. Na Missenyi ndiko bomba linakovuka mto Kagera. Mnaona? Bomba halipiti Gitega, lakini maji ya Gitega yanapita juu ya bomba.

Utaniambia: sisi tuko juu, likivuja halitatupata, maji hayapandi mlima. Ni kweli kabisa. Litakaowapata ni wa chini, na ziwa lenyewe, ambalo mamilioni ya watu wa Tanzania, Uganda na Kenya wanakunywa maji yake na kula samaki wake. Lakini sikiliza upande mwingine wa hoja hiyo. Wa juu nao wanampelekea wa chini mambo yao. Kila mvua kubwa ikinyesha milima yetu, unaona Ruvubu inavyogeuka rangi ya matofali. Huo ni udongo wa mashamba yetu unahama. Mto uliobeba udongo na maji ya ghafla hula kingo zake, hupanua njia, huchimba sakafu yake mwenyewe. Wahandisi wa mabomba wanaliogopa jambo hilo kuliko wanavyosema hadharani, maana bomba lililofukiwa chini ya mto linaweza kujikuta limeachwa wazi, linaning'inia, linagongwa na magogo. Kwa hiyo anayetathmini kivuko cha Missenyi akiangalia Missenyi peke yake, ameangalia nusu ya mto. Nusu nyingine iko kwenye miteremko ya Karuzi, ya Muyinga, ya Gitega na ya Rwanda. Je, wa huku aliulizwa? Mimi sikusikia mkutano wowote Musinzira.

Na kuvuka mto kwenyewe kuna namna zake. Namna ya kwanza ni kuchimba mtaro kukatisha mto, kulaza bomba, kufukia. Ni rahisi, ni haraka, na maji ya upande wa chini yanachafuka siku hizo. Namna ya pili ni kutoboa chini ya mto kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, mita nyingi chini ya sakafu, mto wenyewe usijue kama kuna kitu kimepita. Hiyo ni ghali. Uchaguzi kati ya mbili hizo unafanywa na mtu aliyekaa mezani na kalamu, miaka kabla ya katapila kuwashwa. Siku katapila likifika, uchaguzi umeshapita.

Mwaka 2019 wataalamu wa nje, Tume ya Uholanzi ya Tathmini ya Mazingira, waliisoma ripoti ya tathmini ya upande wa Uganda. Walisema bado haina habari za kutosha za kumwezesha mtu kuamua vizuri. Hawakusema mradi ufutwe. Walisema karatasi hazijakamilika. Mimi naona huo ndio mchango mzuri kuliko kelele nyingi zilizofuata, za wanaotaka bomba lisiwepo kabisa na za wanaomwita kila anayeuliza adui wa maendeleo.

Sasa nataka tuzipange tarehe, maana hapo ndipo penye utamu. Uganda ilichagua njia ya Tanga mwaka 2016. Kabla ya hapo kulikuwa na mazungumzo ya kupitisha bomba Kenya. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa gharama, usalama, bandari ya Tanga. Mwaka 2017 mwezi wa tano nchi mbili zikasaini makubaliano. Mwezi wa nane mwaka huohuo Rais Magufuli na Rais Museveni wakaweka jiwe la msingi Chongoleani, na picha tuliziona. Cheti cha mazingira cha Uganda kilitoka lini? Mwishoni mwa mwaka 2020. Jiwe 2017, cheti 2020.

Nirudie polepole kwa mama aliyekuwa anageuza maharage jikoni. Jiwe la msingi kwanza, cheti cha mazingira baadaye, tofauti ya miaka mitatu. Sasa ofisa wa mazingira anayekaa na ripoti ile mbele yake, marais wawili wameshapiga picha na sepetu mkononi, atasema bomba lisipite hapa? Anaweza kusema punguzeni vumbi. Anaweza kusema rudisheni udongo wa juu mahali pake. Masharti hayo yana maana, sitayadharau. Lakini swali kubwa, la kupita wapi, limeshafungwa.

Na kuna mahakama iliyosema jambo la karibu na hilo bila kukusudia. Mashirika manne ya kiraia yalipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, ile ya Arusha, mwezi wa kumi na moja 2020, kupinga mradi. Mahakama hiyo ni yetu pia, Burundi imo kwenye Jumuiya tangu mwaka 2007. Mwezi wa kumi na moja 2023 majaji wakaitupa kesi. Walisema nini? Walisema mmechelewa. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu, na nyinyi mlitakiwa kuja 2017, makubaliano yaliposainiwa. Miezi miwili, wasikilizaji! Mwaka 2017 tathmini ya mazingira ilikuwa bado haijakamilika. Raia angelalamikia kitu gani, na ushahidi gani mkononi? Mimi si mwanasheria, na majaji walifuata kifungu kilivyoandikwa. Lakini kifungu hicho kinatufundisha ukali wa jambo ninalolisema tangu mwanzo: mlango wa kuuliza uko kwenye kupanga, na unafungwa mapema sana.

Tuje kwa watu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa wenye kahawa.

Mkoa wa Kagera unafanana na kwetu. Mgomba umezunguka nyumba, kahawa chini yake, maharage katikati. Mradi mkubwa ukija, hufika mthamini, yuko na mwenyekiti wa kijiji na vijana wa kushika kamba ya kupimia. Anaingia shambani kwako. Anahesabu migomba shina kwa shina, mikubwa kivyake, midogo kivyake. Anahesabu mibuni, miembe, parachichi. Anapima nyumba, choo, kaburi la baba yako. Kila kitu kinaingia kwenye fomu. Unapigwa picha umeshika kibao chenye namba yako. Halafu unaambiwa tarehe ya leo ndiyo tarehe ya mwisho: utakachopanda au kujenga baada ya leo hakihesabiwi.

Kwa bomba hili, watu wengi walipimwa mwaka 2018 na 2019. Wengi wakalipwa 2022 na 2023. Katikati hapo ni miaka mitatu, minne. Fikiria wewe wa Muyinga: mbuni unaoupanda leo unaanza kukupa matunda mwaka wa tatu. Umeambiwa usipande cha kudumu. Utafanya nini? Utapanda mahindi, utapanda maharage, utapanda cha msimu mmoja maana hujui mwakani utakuwepo. Bati lililotoboka hulibadilishi. Mfereji wa kuzuia mmomonyoko uliojaa udongo huuzibui, kwa nini utoe jasho kwenye shamba la kampuni? Kaya zilizoguswa kwa njia moja au nyingine na mradi huu katika nchi mbili zinahesabiwa kwa maelfu, kama 13,000.

Sheria ya Tanzania inajua hatari hii. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inadai riba. Na kampuni iliongeza kiasi fulani kwa sababu ya kuchelewa, tuseme ukweli. Lakini riba hailipi mti ambao haukupandwa. Ndiyo maana nasema kuchelewa kwenyewe ni uharibifu wa mazingira, hata kabla ya tone moja la mafuta kupita. Ardhi iliyoachwa inasubiri ni ardhi inayochakaa. Wataalamu hulitia jambo hili kwenye sura ya jamii, sura ya mazingira ikabaki na ndege na nyani. Mimi naona ni sura moja. Aliyepanga ratiba akaandika tupime leo, fedha tutazitafuta baadaye, huyo ameharibu udongo akiwa ofisini.

Kuna hoja ya hali ya hewa pia. Wapinzani wa mradi wanalalamika kwamba tathmini ilihesabu moshi wa ujenzi na mitambo, ikauacha nje moshi wa mafuta yenyewe yatakapochomwa ng'ambo. Hoja hiyo ni nzito, na watu wa Gatumba waliohamishwa na maji mara kwa mara tangu 2020 wana haki ya kuisikiliza. Tutaitengea siku yake.

Tuangalie upande wa Kenya, maana Wakenya wameishi na mabomba muda mrefu. Bomba lao la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Lilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa na nafasi. Watu wakaongezeka, vibanda vikasogea. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai, eneo la viwanda la Nairobi, petroli ilivuja ikaingia kwenye mfereji wa maji machafu. Watu wakatoka na ndoo na madebe. Ndugu zangu mliopanga foleni ya esansi, nani kati yenu asingetoka? Moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Miaka minne baadaye, 2015, kule Thange, kaunti ya Makueni, wakulima walianza kuona mafuta kwenye visima na kwenye mto wao. Bomba lilelile la zamani lilikuwa limetoboka chini ya ardhi. Thange si mji, ni mto mdogo, watu wa kawaida na mboga zao na mbuzi wao. Walikwenda mahakamani, na hukumu ya kulipwa fidia ikatoka mwaka 2025. Hesabu wenyewe. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipoonekana kisimani, hukumu ilimkuta ni kijana mwenye ndevu.

Je, Sinai na Thange ni makosa ya waliokuwa zamu siku hiyo? Sehemu yake, ndiyo. Lakini nani aliacha kupanga kwamba mji utakua? Nani aliyeandika bomba litadumu miaka mingapi, na likizeeka nani atalilipia libadilishwe? Maswali hayo yana ukurasa wake kwenye mpango wa mradi, au hayana. Bomba la Tanga nalo limepangwa kufanya kazi miaka kadhaa kisha libaki pale chini. Watoto wa Biharamulo wanaozaliwa leo ndio watakaoishi nalo likiwa zee.

Sasa msidhani nimekuja kulia tu. Kuna mfano wa karibu, na umeme wake mnautumia. Rusumo. Bwawa la kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Kagera, megawati 80, zinagawanywa nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, na waya wake unakuja mpaka hapa Gitega. Mpango wa awali wa Rusumo ulikuwa wa kuzuia maji mengi zaidi. Maji yangerudi nyuma na kufunika mashamba ya mabondeni na kuhamisha watu wengi. Tathmini ilipofanywa wakati karatasi bado ni karatasi, mpango ukabadilishwa, mitambo ikatumia maji kadiri mto unavyoyaleta, bila ziwa kubwa la kuyahifadhi. Megawati zikapungua kidogo, mabonde yakabaki. Hakuna aliyevunja zege, kwa sababu lilikuwa halijamwagwa. Sisemi Rusumo haikuwa na malalamiko yake, hakuna mradi usio na malalamiko. Nasema swali la ukubwa wa bwawa liliulizwa mapema, na jibu likaruhusiwa kuubadilisha mradi.

Na sisi wenyewe? Burundi hatuna bomba la mafuta, lakini tusijione tuko nje. Kulikuwa na mipango ya kurefusha bomba la bidhaa za mafuta kutoka Kenya kupitia Kampala na Kigali hadi Bujumbura. Imelala, na mipango iliyolala huamka siku moja, hasa foleni za esansi zikiwa ndefu. Kisha kuna Tanganyika. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili kutafuta mafuta katika bonde la Rusizi, haikupata kitu cha biashara. Tangu hapo vitalu vimegawiwa kampuni nyingine ndani ya ziwa. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kutoka na kubadilishwa! Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, na unazitaka nchi ziarifiane kabla ya kuanza shughuli inayoweza kulidhuru. Hapo angalau karatasi imetangulia jembe.

Sheria za ndani tunazo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2021 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2000. Amri ya 2010 inayoeleza jinsi tathmini ya mazingira inavyofanywa. Ofisi ya OBPE yenye kazi ya kusimamia. Shida yangu si sheria. Shida ni kwamba ripoti ya tathmini huandikwa kwa Kifaransa, kurasa mamia, yenye michoro ambayo hata mimi niliyesoma kidogo inanitoa jasho. Inawekwa mezani ofisini kwa siku chache, mwananchi akaribishwe kuisoma. Nani atateremka kutoka kolini kwake, huko mlimani, apoteze siku ya kulima, alipe nauli ya moto, aje kusoma kurasa hizo? Chefu wa kolini anaitwa kwenye mkutano, anapewa soda, anatia saini ya mahudhurio. Halafu mahudhurio yanahesabiwa kuwa ni ridhaa. Muhtasari wa kurasa kumi kwa Kirundi na kwa Kiswahili, usomwe hapa redioni jioni mbili tatu, ungegharimu nini katika mradi wa mamilioni ya dola? Niko tayari kuusoma bure.

Na mradi mkubwa haupo mbali. Reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, kuja Musongati kwenye nikeli yetu, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2025, na mipango inasema siku zijazo ifike Gitega. Naitaka reli hiyo. Mfanyabiashara yeyote wa hapa anaitaka. Kipande cha kuja huku Gitega bado ni mstari wa penseli, na penseli inafutika. Kwa hiyo vigingi vikianza kuonekana kando ya bonde lako, usisubiri mkutano wa soda. Uliza mstari huu una mwenzake, ulichorwa mwingine ukaachwa? Uliachwa kwa nini? Uliza walikuja kupima bonde mwezi gani, kwa sababu bonde la mwezi wa nane na bonde la mwezi wa nne ni mabonde mawili tofauti, na aliyekuja kiangazi ataweka kalvati ndogo. Uliza kutoka siku ya kuhesabiwa miti hadi siku ya fedha ni muda gani, na ukipita nani analipa. Na ukiletewa fomu utie kidole, mwambie kijana akusomee yote kwa sauti, mwanao akiwa amekaa pembeni, uchukue nakala yako uende nayo nyumbani.

Walioko Kobero, naambiwa foleni imeanza kusogea. Washeni magari, safari njema. Gitega na Muyinga, jioni njema.